Kampuni ya Simu Ilipotaka Kununua Studio ya Katuni

Walimu wangu, wanafunzi, ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie biashara kubwa za mawasiliano, na nimechagua moja ambayo haikufanyika. Zilizofanyika mnafundishwa kila siku.

Mwishoni mwa Septemba 2014 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba SoftBank, kampuni ya simu ya Japani, iko kwenye mazungumzo na DreamWorks Animation, studio ya katuni ya California, ile ya zimwi la kijani Shrek. Dau lililotajwa ni dola 32 kwa kila hisa, kampuni nzima ikithaminiwa dola bilioni 3.4. Kabla ya habari hizo hisa ilikuwa inauzwa dola 22 na ushee. Jumatatu soko lilipofunguliwa ikaruka kwa zaidi ya asilimia 20. Siku chache baadaye ikasikika kwamba mazungumzo yamepoa, na bei ikateremka.

Wengi walishangaa: simu na katuni wapi na wapi? Mimi naona tuanze na mfuko wa mnunuzi. Masayoshi Son aliianzisha SoftBank mwaka 1981 kwa kuuza programu za kompyuta. Mwaka 2000 aliweka dola milioni 20 kwenye Alibaba, kampuni ya China ya biashara ya mtandaoni. Akanunua Vodafone ya Japani mwaka 2006, kisha Sprint, kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 2013 kwa dola bilioni 21.6.

Sasa tazameni kalenda ya 2014. Mwezi Agosti anaachana na mpango wa kuiunganisha Sprint na T-Mobile, kwa sababu wasimamizi wa Marekani hawakutaka kampuni kubwa za simu zipungue kutoka nne kuwa tatu. Septemba 19, Alibaba inaingia soko la hisa la New York na kukusanya dola bilioni 25. Zile milioni 20 za Son zikawa mali ya makumi ya mabilioni. Hakuziuza, lakini mtu mwenye hisa kama hizo akiingia benki anavutiwa kiti. Wiki moja tu baadaye ndipo tunasikia habari za katuni. Huku njia imezibwa, kule fedha zimejaa. Mtu wa namna hiyo lazima atafute pa kupeleka.

Upande wa pili alikuwepo Jeffrey Katzenberg, mkuu wa DreamWorks Animation, na yeye alikuwa na sababu za kusikiliza. Katuni moja ya studio yake miaka hiyo iligharimu hadi kama dola milioni 145 kuitengeneza, na miaka kadhaa ya kazi. Kati ya Novemba 2012 na Machi 2014, filamu zake tatu ziliilazimu studio kufuta thamani vitabuni, yaani kukiri hasara: dola milioni 87, kisha milioni 13.5, kisha milioni 57. Studio inayotoa filamu mbili tatu kwa mwaka haina pa kujificha. Watoto wasipokuja wikiendi ya kwanza, mhasibu anajua Jumatatu asubuhi.

Kwa hiyo muuzaji namwelewa. Mnunuzi ndiye aliyenitia shaka. Mwenye lori la kubeba nyanya halazimiki kununua shamba. Kampuni ya simu inayotaka wateja watazame video, wamalize bando, wanunue jingine, inaweza kulipia leseni ya kuonyesha na kumwachia mwenye studio hasara zake. Tena DreamWorks ilishakubaliana na Netflix mwaka 2013 kutengeneza zaidi ya saa 300 za vipindi vipya. Mwenye mtandao angeweza naye kubisha hodi mlango huo huo.

Na Wajapani walikuwa wameshaungua huko. Sony iliinunua Columbia, studio ya filamu ya Marekani, mwaka 1989 kwa dola bilioni 3.4, tarakimu ile ile, na mwaka 1994 ikalazimika kufuta karibu dola bilioni 2.7. Matsushita, kampuni nyingine ya Japani ya vifaa vya umeme, iliinunua MCA, wenye studio ya Universal, mwaka 1990 kwa dola bilioni 6.1, mwaka 1995 ikauza asilimia 80 kwa Seagram ya Kanada. Sony walivumilia, na studio wanayo hadi leo, lakini uvumilivu ule uliwagharimu.

SoftBank ikachagua njia ya bei nafuu. Mwanzoni mwa Oktoba 2014 ilitangaza kuweka dola milioni 250 kwenye Legendary, kampuni nyingine ya filamu, ikiwa mwanahisa mdogo tu. DreamWorks ilibaki peke yake, na Januari 2015 ikatangaza kupunguza wafanyakazi 500. Mwaka 2016 Comcast, wenye NBCUniversal, wakainunua kwa dola 41 kwa hisa, jumla bilioni 3.8. Msiseme basi Son alikosa kitu cha bei rahisi. Comcast wana bustani za burudani za Universal. Zimwi la kijani wanaliuzia tiketi, fulana na midoli. SoftBank ingeliweka wapi?

Julai mwaka huo huo Son alitangaza kununua Arm ya Uingereza kwa dola bilioni 32, karibu mara kumi ya dau la katuni. Arm ndiyo inayobuni usanifu wa chipu zilizomo karibu katika kila simu mnayonirekodia sasa hivi.