Kichocheo Kimo Ndani ya Chikichi

Ndugu mwenyekiti umenipa mada nzito: vichocheo vya kugeuza mafuta ya mimea na hewa ukaa kuwa kemikali zenye faida. Nitafika. Kwanza nimalize ugomvi wangu wa siku zote.

Kila nikija Kigoma naulizwa: mwalimu, hicho kichocheo kinauzwa wapi? Mama zangu wa Mwandiga, mnacho tayari. Ni kimeng'enya kiitwacho lipasi, kimo ndani ya chikichi. Tunda likichubuka tu, kinaanza kuyavunja mafuta, asidi zinajitenga. Nanyi mnarundika mikungu siku kadhaa ili chikichi zilegee! Mnadhani zinapumzika? Lipasi iko kazini usiku kucha, na haipungui, maana kichocheo huharakisha kazi chenyewe kikabaki. Kinachoiua ni moto. Chambueni, chemsheni siku ile ile ya kuvuna.

Najua kuna anayenong'ona: "Mbona sabuni inatoka hata mawese yakichacha?" Inatoka, nani kabisha? Ila kwenye sabuni kostiki soda si kichocheo, inatumika ikaisha. Mpelekee mawese hayo mtengeneza dizeli ya mimea. Yeye anachanganya mafuta na methanoli, kostiki akitia kama asilimia 1 tu, iwe kichocheo. Asidi ikizidi asilimia 2 hivi, kostiki inaishia kuwa sabuni, na gliserini inagoma kujitenga. Gliserini hiyo, takriban kilo 10 kwa kila kilo 100 za mafuta mazuri, ndiyo inayokwenda kwenye vipodozi na dawa za kikohozi. Hasara ya nani?

Dakika tano? Haya, hewa ukaa. Ile ni majivu: moto umeshapita. Kichocheo hakileti nishati, lazima itoke kwingine; msidanganywe na wauza mitambo. Ukiipitisha na haidrojeni juu ya shaba na oksidi ya zinki, unapata methanoli; Aisilandi mwaka 2012 walikuwa wameshaanza, lakini wana umeme wa jotoardhi. Njia nyingine: mafuta yanatiwa oksijeni kwenye vifungo vyake maradufu, yaani pale kaboni mbili ziliposhikana mara mbili, kisha yanakutanishwa na hewa ukaa kwa kichocheo cha chumvi ya bromidi. Mazao yake ni malighafi ya plastiki. Mawese yana vifungo hivyo vichache. Alizeti inayashinda mbali, kwa hiyo hilo tuwaachie Singida.

Nikeli, kichocheo cha kugandishia mafuta, tena Kabanga yenye madini hayo ni jirani zetu, naiacha. Mzee wa Ilagala umenyoosha mkono tangu nilipotaja sabuni. Karibu.