Hilo Shairi Ni la Nani?

Asanteni kwa kuja, wadogo zangu, na wale mmetembea kutoka Kondele na hili jua karibuni sana. Leo tuongee ukweli ndani ya shairi, manake mashairi yenu nayasoma yote na mengi ni ya mtu wa Mombasa: minazi, jahazi, pepo za kusi, mahabubu wa moyo. Mizani (silabi) 16 kwa mshororo, 8 ukwapi, kile kipande cha kwanza, 8 utao, cha pili, vina vimekaa, lakini aliyeandika anaishi hapa Kisumu na simuoni popote.

Najua inatoka wapi. Shuleni shairi tulifunzwa kuhesabu, mtihani unauliza bahari, vina, kibwagizo, so mtu akianza kuandika anaanza na hesabu, silabi zikipungua anachomeka "jamani" ama "wangu mwandani" kina kitimie. Uongo huingilia hapo.

Kuna wenye watasema basi tuache arudhi, hizo sheria za vina na mizani. Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, aliiacha kwa kitabu chake cha mashairi, Kichomi, 1974, na watu walibishana sana kama hayo ni mashairi. Mimi nayapenda mashairi huru, lakini hata huru linaweza kudanganya. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, naye alifungwa 1969 hadi 1972 juu ya kijikaratasi chake cha kukosoa serikali, Kenya: Twendapi?, na huko jela akatunga Sauti ya Dhiki kwa vina na mizani, kwa Kimvita cha kwao, Kiswahili cha Mombasa, akiandika kwa karatasi ya choo. Mtu asiniambie vina vilimziba mdomo! Kimvita kilikuwa chake. Wewe chako ni kipi?

Chukua Dunga, hapa ufuoni Kisumu, penye dagaa, omena, huanikwa. "Omena zimeanikwa, jua la Dunga ni kali." Hesabuni, ni 16 na sijachomeka kitu. Sasa mshororo wa pili uende wapi? Mimi ningeuliza mvua ikinyesha kabla zikauke hasara ni ya nani, manake wale akina mama wa omena nawajua, mwingine ataandika harufu, mwingine magugumaji yenye yamefunga ziwa hadi boti haitoki. Yote sawa bora umeyaona mwenyewe. Na kama neno la Kijaluo ama la Kiluhya ndilo linafika pale unataka, liweke, usiliombe radhi.

Haya toeni madaftari. Shairi lako la mwisho, piga mstari chini ya kila neno uliloweka juu ya kina tu, halafu utusomee bila hayo maneno. Tuanze na hawa wa dirishani.