Gesi ya Friji na Mikataba ya Dunia

Shikamooni walimu wangu. Nanyi vijana wa ufundi wa friji na viyoyozi, hamjambo?

Nimeombwa nijibu swali hili: je, nchi zifuate miongozo ya kimataifa ya kulinda mazingira? Jibu langu ni ndiyo, na ushahidi wangu mnaushika kila siku kwenye mitungi ya gesi.

Mafundi wa zamani wanaikumbuka R12, gesi iliyokuwa ikipoza friji. Friji ikiletwa kompresa imekufa, fundi alikata bomba, gesi ikafoka na kupotelea hewani, naye akafunga kompresa nyingine na kujaza upya. Nani angemkataza? Gesi ile haikuwaka moto wala haikuwa sumu. Ila mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu sana angani, zikavunjwa na mionzi ya jua, na klorini yake ikaila ozoni, utando unaotukinga na mionzi iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kuwa ozoni ya juu ya Antaktika inapungua vibaya mno. Mwaka 1987 ikasainiwa Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kuachana na gesi zinazoila ozoni.

Najua mtaniuliza: walioharibu ni matajiri, mbona tubanwe sisi? Swali la haki kabisa, na Montreal ililijibu kwa vitendo. Nchi tajiri zilitakiwa kuachana na R12 na ndugu zake kufikia 1996. Nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2010. Mwaka 1990, mjini London, ikakubaliwa uanzishwe mfuko unaochangiwa na matajiri, ili wengine wabadili viwanda vyao na kufundisha mafundi. Tena itifaki ilikuwa na meno: nchi isiyojiunga, wanachama walikatazwa kuiuzia gesi hizo au kununua kwake. Ndiyo maana leo nchi zote za Umoja wa Mataifa zimeiridhia, na ozoni inarudi. Juu ya Antaktika inatarajiwa kupona karibu mwaka 2066.

Sasa tazameni Mkataba wa Paris wa 2015, wa mabadiliko ya tabianchi. Kila nchi inajipangia lengo lake, na isipolifikia hakuna wa kuiadhibu. Zile dola bilioni 100 kwa mwaka ambazo matajiri waliziahidi nchi zinazoendelea kule Copenhagen mwaka 2009, zilizopaswa kufikiwa 2020, zilifikiwa 2022. Sisemi tujitoe, la hasha. Mvua zikivurugika, wa kwanza kulala njaa ni mkulima wa kwetu. Nasema wajumbe wetu wakienda kwenye mazungumzo hayo wadai kilichopatikana Montreal, wasirudi na picha za pamoja tu.

Na kazi haijaisha. R134a iliyochukua nafasi ya R12 haili ozoni, lakini kilo moja yake huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dioksaidi. Ndiyo maana mwaka 2016, hapa hapa Afrika, mjini Kigali, itifaki ikaongezewa marekebisho: nchi nyingi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo, zisizidishe matumizi ya gesi za jamii ya R134a kuanzia 2024, kisha zipunguze asilimia 80 kufikia 2045. Friji nyingi mpya za nyumbani sasa zinakuja na R600a. Hiyo inawaka, vijana! Usichomelee bomba lake kabla hujaitoa gesi yote na kufungua madirisha.

Serikali nazo zina wajibu. Ghana ilianza kutekeleza marufuku ya friji za mitumba mwaka 2013, na ilifanya vizuri, kwa sababu mtumba unakuja na gesi ya zamani na unakula umeme wa maskini. Kisha kuna mashine ya kunyonya gesi ili isipotelee hewani, ambayo kijana anayeanza na begi la spana hawezi kuinunua. Maombi ya fedha za mfuko ule wa Montreal yanapoandikwa, mashine hizo ziwe juu kwenye orodha, ziwekwe mahali ambapo fundi wa mtaani anaweza kuazima. Hilo nitaendelea kulidai, na walimu wangu nawaomba tulidai pamoja.

Karibuni kwa maswali.