Usivae kitenge kwenye sendoff ya Uingereza

Mbukwenyi! Wana Dodoma mpo? Leo nipo jikoni hapa Leicester, na nina jibu kwa mnaoniuliza kila siku kama Kiingereza cha huku kinanisumbua. Kinanisumbua, tena kwenye maneno yale yale niliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Chukueni sendoff. Hapo kwenu ni shughuli ya upande wa bibi harusi: kamati imekaa, kadi imeandikwa singo shilingi ngapi na dabo ngapi, MC anapayuka, ndafu inasubiri kisu. (Mchango wangu naukumbuka, mweka hazina, usinipigie.) Huku ukisikia mzee fulani atapewa sendoff ya heshima, usikimbilie kitenge. Huenda wanaenda kumzika. Anayestaafu naye huagwa kwa neno hilo hilo. Kwao ni kuaga tu, yeyote na popote. Sisi tukalibana, tukalivisha nguo ya sherehe, tukalitafutia na ukumbi.

Kichenpati ndiyo usiseme. Huku ni watu kusongamana jikoni na glasi mkononi, sebule tupu. Hakuna kungwi, hakuna sufuria za zawadi. Na hotpoti? Zile mnazobebea ubwabwa msibani? Kule Lancashire hotpot ndiyo chakula chenyewe: nyama ya kondoo na vitunguu, juu vimepangwa viazi, vinaiva taratibu kwenye oveni.

Sasa wapo wenzangu wa ughaibuni, wakija likizo wanawacheka: "Mnaharibu Kiingereza." Wananiudhi. Nani kasema hicho ni Kiingereza? Huku "keep left" ni amri ya kibaoni, dereva apite kushoto. Kwetu kipilefti ni ule mzunguko wenyewe, na kwa vile kimeanza na ki-, vikawa vingi ni vipilefti. Mwingereza hawezi kudai hapo.

Wajerumani nao walituachia lao. Kuanzia 1904 koloni lao lilitumia sarafu ya Heller, 100 kwa rupia moja. Kwao ilikuwa sarafu duni, hata leo Mjerumani akitaka kusema kitu hakina thamani anaitaja hiyo. Nenda soko la Majengo useme huna hela, uone kama kuna atakayedhani umekosa senti moja. Ya mwisho kwenye pochi imebeba pochi nzima!

Dili ndilo limeharibikiwa. Huku "deal" ni makubaliano, mtu anatangaza hadharani na picha anapiga. Kwetu dili likikubali unashangilia, sawa, ila kimya kimya, maana jirani ataanza kuuliza limetoka wapi. Na ukipita zile ofisi za Mji wa Serikali pale Mtumba ukamwita mtu mpiga dili, hata kama unamsifia biashara yake, jiandae kueleza ulimaanisha nini.