Kabla ya Kubadili Koki ya Jikoni, Funga Maji Mara Mbili

Asalaam aleikum, karibuni ndugu zangu. Leo tuko Ngamiani, Tanga mjini, jikoni kwa mama mdogo. Koki yake ya sinki inavuja tangu Ramadhani, na mpya hii hapa tumeshainunua. Lakini spana bado siigusi. Video nzima ni ya kufunga maji, maana kufungua koki kuukuu ni kazi ndogo. Kinachowaponza watu ni maji waliyodhani wameshayafunga.

Yalinikuta mwenyewe. Nilifunga koki ya kwenye mita, nikarudi ndani, nikalegeza nati nikiwa na hakika kabisa. Maji yalinirukia usoni na hayakukatika. Nilikuwa nimesahau tangi la lita 1,000 lililokaa juu ya mnara uani. Mpaka nimelipanda na kulifunga, kiroba cha sembe kilichokuwa sakafuni kimeshalowa chote. Tangu siku hiyo, nyumba yenye tangi naihesabu kuwa na njia mbili za maji, na zote mbili nazifunga.

Kwanza, hodi kwa wapangaji. Nyumba hii ina vyumba sita na mita moja. Gonga kila mlango, sema utafunga saa ngapi na utafungua lini. Kila mtu ajaze ndoo yake ya kupikia na ya kutawadhia. Mimi naanza saa tatu asubuhi: maduka ya vifaa yako wazi nikikosa kitu, na mchana wote uko mbele yangu. Usianze kazi hii alasiri.

Kama kuna pampu, izime ukutani kabisa, usitegemee ijizime. Zile zinazojiwasha zenyewe zikiona maji yamepungua kwenye paipu zitakushtukia katikati ya kazi. Hita ya bafuni nayo zima.

Haya, twende nje kwenye mita. Angalieni hapa, nasogeza simu karibu. Mita yenyewe na lakiri yake usiviguse, ni mali ya mamlaka ya maji. Yetu sisi ni hii koki iliyo baada ya mita, upande wa kuingia nyumbani. Ziko za aina mbili. Yenye mkono: mkono ukilala sambamba na paipu, maji yanapita, ukikaa msalaba, umefunga. Yenye gurudumu kama hii: zungusha kwenda kulia, kama unavyofunga kifuniko cha chupa, mizunguko kadhaa mpaka igome.

Hapa nataka tutulie kidogo. Sisi tunaishi na upepo wa bahari, na chumvi yake inakula vyuma. Koki ambayo haijaguswa miaka mitano inaweza kuwa imeshikana. Usiivike paipu refu ukaikandamiza kwa nguvu, utakata shina lake, kile chuma kinachozunguka pamoja na mkono au gurudumu, na hapo umepata kazi nyingine kubwa kuliko ya jikoni. Paka mafuta kidogo kwenye shina, subiri, kisha ipeleke kulia kidogo, irudishe kushoto kidogo, tena na tena. Itaachia taratibu. Ikikataa kabisa, acha, mwite fundi bomba.

Umefunga? Hakikisha. Fungua bomba la uani, halafu tazama ndani ya kioo cha mita. Kile kigurudumu kidogo, kwenye mita nyingine kina umbo la nyota, kinazunguka maji yanapopita hata yakiwa machache. Kikisimama kabisa, koki imeshika. Kikiendelea kujivuta polepole, koki imechoka ndani, na afadhali ujue sasa.

Njia ya pili ni tangi. Ngazi isimame pazuri, na mtu aishike chini. Hapa ananishikia mdogo wangu. Paipu ya juu, inayoishia kwenye boya, ndiyo inayoingiza maji. Hiyo siyo tunayoitaka. Tunaitaka ya chini, inayotoa. Fuata hiyo mpaka uikute koki yake, uifunge. Ukikuta fundi hakuweka koki, itabidi tangi limalizike kwanza, basi panga siku ambayo limebaki na maji kidogo.

Sasa maji yaliyolala ndani ya paipu. Bomba la uani liko chini kuliko yote, liache wazi, na koki ya jikoni ifungue pia ili hewa iingie na maji yashuke. Kinga ndoo. Maji haya yametoka mto Zigi, yakapita bwawa la Mabayani hadi huku kwetu. Usiyamwage bure, yatafaa chooni na kwenye maua.

Chini ya sinki nako chungulia. Nyumba mpya zina koki ndogo ukutani, na ukiifunga hiyo ikashika, huna haja ya kusumbua nyumba nzima. Kwa mama mdogo haipo. Nimemnunulia moja, naiweka leo leo kabla ya koki mpya, ili siku nyingine asilazimike kugonga milango sita.

Wakati wa kurudisha maji, fungua polepole. Ukifungua kwa pupa, hewa na maji vinagonga paipu kwa kishindo na viungo vinalegea. Chujio la mdomoni mwa koki mpya livue kwanza, maji yatoke na kutu yake mpaka yawe meupe, ndipo ulirudishe.

Turudi jikoni. Koki iko wazi hivi, na nimesubiri dakika tano. Tone la mwisho limeshadondoka. Napitisha kidole mdomoni mwake, pakavu. Mama mdogo, hebu nisogezee hilo beseni na kitambaa. Sasa naanza kulegeza nati.