Kanisa Lililozaliwa Likiwa Zee

Shikamooni wazee, na wenzangu wote habari za jioni. Asanteni kwa kuja, maana baridi iliyoko nje inamfanya mtu akumbuke kwao. Kesho asubuhi tutayazungukia makanisa ya mji huu wa Tampere, hapa Finland, kwa miguu, na nimeombwa niseme yangu leo, ndani, penye joto. Kesho nitakuwa kimya zaidi. Theluji haisikilizi mhadhara.

Nianze na shemeji yangu. Alipotutembelea kutoka Moshi nilimpeleka Tuomiokirkko, kanisa kuu la Kilutheri. Akatazama zile kuta nene za mawe ya kijivu, minara iliyochongoka, madirisha kama ya ngome. Akasema, "Hili halipungui miaka mia saba." Nikamwambia lilifunguliwa 1907. Akadhani namtania. Tukapiga hesabu palepale: babu yake mzaa baba alikuwa mkubwa kuliko kanisa lile.

Alikosea, lakini alikosea kama alivyotegewa. Aliyelisanifu alitaka mtu asimame pale adhani jengo limekuwepo tangu enzi za mababu. Kwa nini mji wa viwanda, mji wa moshi na mashine, ulitaka kanisa jipya linaloonekana zee? Usiku wa leo nimeuweka kwa ajili ya swali hilo.

Tampere ni mtoto wa maji. Kuna ziwa Näsijärvi juu na ziwa Pyhäjärvi chini, tofauti ya kimo ni kama mita 18, na katikati yanashuka maporomoko ya Tammerkoski. Mfalme Gustav wa Tatu wa Sweden aliuanzisha mji hapa 1779. Mwaka 1820 akaja Mskoti mmoja, James Finlayson, akaona maji yanapita bure. Kikazaliwa kiwanda cha pamba, na baadaye wenye mtaji kutoka St. Petersburg wakakinunua na kukikuza. Waliosokota nyuzi na kufuma walikuwa kwa sehemu kubwa wanawake na wasichana waliotoka vijijini. Kiwanda kilikuwa na shule yake na hospitali yake. Mwezi Machi 1882, katika ukumbi wa kufumia unaoitwa Plevna, ziliwashwa taa za umeme, miongoni mwa za kwanza kabisa Ulaya ya kaskazini. Leo mle ndani watu wanakunywa bia. Sisemi kitu.

Na kiwanda kilikuwa na kanisa lake. Mtaliona kesho: kanisa la Finlayson, la 1879, dogo, la matofali mekundu ya kuchoma. Lilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda, na tofali lake ni ndugu wa tofali la kiwanda. Mtu alitoka kwenye mashine Jumamosi, Jumapili akaketi ndani ya ukuta wa rangi ileile. Watu wa siku hizi wanalipenda kwa harusi. Mimi kila nikilipita nawaza yule msichana wa kusokota nyuzi: je, alijua lini yuko kazini na lini yuko ibadani?

Miaka miwili baadaye likafuata kanisa la Aleksanteri, matofali tena, mtindo wa Kigothi, ule wa matao yaliyochongoka, limepewa jina la Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Aleksanda wa Pili. Kisha mwaka 1899 kanisa la Waorthodoksi karibu na stesheni, lenye vichwa vya vitunguu, kama wasemavyo watoto wangu. Nitayapita haraka leo na hata kesho, msinilaumu. Ni mazuri, lakini yanasema yaleyale yaliyosemwa kwingine Ulaya. La mawe halisemi hivyo.

Kumbukeni Finland wakati huo haikuwa nchi huru. Ilikuwa chini ya Tsar wa Urusi. Februari 1899, Nikolai wa Pili alitoa tamko lililopunguza nguvu za bunge la Wafini. Katika majuma mawili tu zilikusanywa sahihi zaidi ya nusu milioni za kumsihi aliondoe. Wajumbe wakaenda St. Petersburg, Tsar akakataa kuwapokea. Sasa taifa ambalo halina hata balozi wake linajitetea kwa nini? Wafini walijitetea kwa muziki, kwa uchoraji, na kwa majengo. Wakaenda kutafuta kitu ambacho hakikuletwa na Mswidi wala Mrusi. Wakakikuta chini ya miguu yao: graniti.

Waliotoka Mwanza wanalijua jiwe hili. Lile la Bismarck pale ziwani ni ndugu yake. Mimi nimesomea uashi, kwa hiyo mniruhusu nikae hapa kidogo. Tofali unalifinyanga utakavyo. Jiwe la chokaa unalichonga kama sabuni. Graniti inakukatalia. Ukitaka kuichonga ua lenye petali nyembamba, litavunjika na mkono wako utakufa ganzi. Kwa hiyo anayejenga kwa graniti analazimika kuacha madoido madogomadogo. Anabaki na uzito, na uso mkwaruzo, na mapambo machache makubwa butu. Ule ukali mnaouona kwenye kuta za Tuomiokirkko umetoka nusu kwenye kichwa cha msanifu, nusu kwenye ubishi wa jiwe.

Msanifu mwenyewe ni Lars Sonck, aliyezaliwa 1870. Mwaka 1894, kijana aliyetoka tu kuhitimu, alishinda shindano la kusanifu kanisa la Mikaeli huko Turku. Akalichora la matofali, la Kigothi, kama walivyokuwa wakichora wote. Ujenzi ukachelewa, ukakamilika 1905. Katikati ya hapo yeye alikwisha badilika: mwaka 1900 alishinda shindano la kanisa hili la Tampere kwa michoro aliyoipa jina la siri la Kilatini, Aeternitas, umilele. Likajengwa kuanzia 1902 hadi 1907. Ukiyaweka makanisa hayo mawili pamoja utaapa hayakutoka mkono mmoja, ilhali yamepishana miaka miwili tu kukamilika. Huyuhuyu Sonck ndiye aliyesanifu Ainola, nyumba ya mtunzi wa muziki Sibelius, mwaka 1904.

Sonck alitazama makanisa ya mawe ya zamani kwelikweli, kama lile la Messukylä, ambalo leo limo ndani ya mipaka ya mji wetu. Akachukua unene wake na upole wake. Lakini msidanganyike: ndani ya Tuomiokirkko hamna kitu cha kale. Messukylä ni jumba jembamba lenye giza. La Sonck ni ukumbi mpana, karibu mraba, wenye roshani, ili umati wa mji wa viwanda uketi na kila mtu amwone mchungaji na kumsikia. Hapo nje nguo ni ya babu, mwili ni wa kijana.

(Mzee mmoja hapa mbele ananiuliza, mbona tunaliita kanisa kuu, nalo lilijengwa kama kanisa la usharika? Ni kweli, mzee. Lilianza kama kanisa la Mtakatifu Yohane. Mwaka 1923 makao ya dayosisi yalihamishwa kutoka Porvoo kuja Tampere, ndipo likapata cheo.)

Sasa tuingie ndani. Kama jengo lingebaki kuta tu, ningelisifu kisha nikalisahau, maana mawe yale yanajigamba. Lakini walimpa kazi ya uchoraji Hugo Simberg, mtu wa miaka thelathini na kidogo, aliyekuwa ametoka kuugua sana na kulala hospitalini muda mrefu. Mchoro mkubwa wa ukutani juu ya madhabahu, wa ufufuo, ulikuwa wa mwenzake, Magnus Enckell. Simberg akabakiwa na kuba, na kuta za roshani.

Kwenye kuba akachora nyoka. Nyoka mwenye mabawa, kwenye duara jekundu, kaweka tunda mdomoni, amezungukwa na mabawa ya malaika. Hebu fikirini sisi tuliokulia KKKT, kanisa la Kilutheri la kwetu Tanzania: umeinua macho wakati wa sala, unakutana na nyoka. Wapo waliotaka afutwe. Hakufutwa.

Kwenye ukingo wa roshani akachora wavulana 12 wanaobeba shada refu la waridi, linazunguka kanisa lote. Wavulana hao wako uchi. Kelele zikawa nyingi kuliko za nyoka. Angewavisha kanzu na kuwapa mabawa, nadhani hakuna ambaye angefungua mdomo. Lakini hawa ni watoto wa kawaida tu, wembamba, mabega yao mnayajua. Shada lina maua na lina miiba. Mmoja analibeba kama mchezo, mwingine limemlemea. Katika mji ambao watoto walikuwa wakienda kiwandani, sidhani kama kuna mama aliyeketi chini yao bila kuelewa.

Kisha kuna malaika aliyejeruhiwa, wavulana wawili wamembeba kwenye machela, kafungwa kitambaa machoni. Mchoro wa awali wa mafuta, wa 1903, uko Helsinki katika jumba la Ateneum, na mandhari yake ni ya Helsinki. Hapa Tampere, nyuma ya wale wavulana Simberg ameweka dohani za viwanda. Watu walimuuliza maana yake. Alikataa kueleza. Mmoja wa wale wavulana anakukazia macho moja kwa moja, kama vile unamzibia njia.

Nimekwisha pitiliza muda, naona. Lakini siwezi kuacha mwanamke mmoja. Kesho tutapita kituo cha zimamoto cha 1908, kazi ya Wivi Lönn, mzaliwa wa hapahapa Tampere, 1872. Ni mwanamke wa kwanza Finland kufungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu. Alijenga shule, alijenga kituo hicho chenye mnara na ukuta uliopinda. Vitabu vya watalii vinampa mstari mmoja. Mimi ningempa sura nzima, ila leo nami nimemtendea yaleyale.

La mwisho ni Bustani ya Kifo, nayo ni ya Simberg, juu kule roshanini. Viunzi vya mifupa vimevaa majoho meusi, vinatunza miche kwenye vyungu. Simberg alisema ni mahali wafu wanapofikia kabla ya kwenda mbinguni. Hakuna kutisha mle. Ni kitalu tu, na watunzaji wake wana mikono ya upole kuliko ya wengi wetu.

Walioketi chini yake siku ya kwanza, mwaka 1907, hawakujua kinachokuja. Miaka 11 baadaye vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tampere ilikuwa ngome ya Wekundu, watu wa viwandani. Weupe, jeshi la upande wa serikali, waliuzingira mji na wakauchukua tarehe 6 Aprili 1918. Mapigano yalikuwa nyumba kwa nyumba, na waliokamatwa walikuwa kama 11,000. Wenye viwanda na wafuma nguo, waliokuwa wakiimba tenzi zilezile, walikuwa wameshikiana bunduki. Jumapili zilizofuata waliobaki walirudi ndani, chini ya wavulana walewale.

Kesho tukutane saa nne asubuhi mbele ya Finlayson, vaeni viatu vya theluji. Tukifika Tuomiokirkko, msikimbilie madhabahuni. Ingieni, geukeni, tazameni juu, mtafuteni yule mtunza bustani aliyekumbatia ua kifuani. Shemeji yangu alisimama pale mpaka mhudumu wa kanisa akaanza kuzima taa.