Kimeingia, Lakini Kitafanya Kazi?

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mliokaa karibu na mlango sogeeni mbele, leo hakuna anayedai deni.

Haya nimeyasema Changamwe, nimeyasema Miritini, na leo nayarudia kwa sababu simu ni ile ile kila mara: "Fundi, nimepata kifaa cha skidi loda, bei ya kutupa, na nimekijaribu kimeingia." Kimeingia! Ndugu zangu, kuingia si hoja. Skidi loda ni mashine ndogo ya kuzolea, na mbele yake unabadilisha vifaa: ndoo, uma, nyundo. Ile sahani ya kufungia iliyo mbele ya mashine ina vipimo vya kimataifa, ISO 24410, ndiyo maana kifaa cha kampuni hii huingia kwenye mashine ya kampuni ile. Pini mbili zinashuka, zinabana, basi. Pini hazijui lolote kuhusu mafuta, yaani mafuta ya haidroliki, yale ambayo mashine huyasukuma kwenye paipu ili kukiendesha kifaa.

Kabla ya bei, niambie mashine yako inasukuma lita ngapi za mafuta kwa dakika, na kwa presha gani. Mashine ya kawaida ya ukubwa wa kati hutoa lita 60 hadi 90. Zile za mtiririko mkubwa hupita 110, na nyingine hufika 150. Zidisha lita kwa bar, ndicho kipimo cha presha, gawanya kwa 600, utapata kilowati. Lita 75 kwa bar 200 ni kilowati 25. Lita 130 kwa bar 230 ni karibu 50. Mara mbili! Na ukizipanga uwanjani huzitofautishi kwa macho: rangi moja, matairi yale yale.

Sasa ya Shanzu. Walioisikia wavumilie. Mwanakandarasi mmoja, simtaji, alipata kazi ya mtaro wa nyaya. Ardhi ya huko mnaijua, udongo kidogo juu, chini jiwe la matumbawe. Akanunua gurudumu la kukatia mawe, la mtumba, meno ya kabaidi, kifaa kizuri kabisa. Bamba lake, kile kibati chenye vipimo vya kifaa, linataka lita 110 hadi 150. Mashine yake inatoa 75. Walipoliwasha likiwa hewani likazunguka, vijana wakapiga makofi. Likagusa jiwe, likasimama. Opereta akafanya wanachofanya maopereta wetu wote: akasukuma zaidi.

Gurudumu likigoma, mafuta hayagomi nalo. Pampu inaendelea kusukuma, presha inapanda mpaka vali ya usalama inafunguka, mafuta yanarudi zake kwenye tangi bila kufanya kazi yoyote. Nguvu ile imekwenda wapi? Imekuwa joto. Umewasha hita ya kilowati 25 ndani ya tangi, tena juani, tena Mombasa. Nilipofika, koplingi, vile viungo vya paipu za mafuta, hazishikiki kwa mkono. Nikafungua tangi, harufu ya kuungua ikanipiga usoni.

Na bado. Kifaa kile kina paipu tatu, mbili nene na moja nyembamba. Ile nyembamba nikaikuta imekunjwa na kukazwa kwa waya wa kufungia nondo. Nikauliza. "Hiyo haina pa kuchomeka, fundi." Jamani! Hiyo ndiyo inayorudisha kwenye tangi mafuta yanayovuja ndani ya mota inayozungusha gurudumu, na mota ya aina hiyo lazima ivuje kidogo ndani, ndivyo ilivyoundwa. Ukiziba njia, presha inajaa kwenye ganda la mota na kuing'oa sili ya shafti. Ya Shanzu ilikuwa imekwisha kung'oka. Mstari mweusi wa mafuta ulikuwa umechorwa juu ya jiwe jeupe mpaka langoni.

Najua kuna anayesema moyoni, si nitachimba polepole tu? Kwa kekee ya mashimo ya nguzo, sawa. Lita zikipungua inazunguka taratibu na kazi inakwenda, maana nguvu yake ya kuzungusha inatokana na presha na ukubwa wa mota. Lakini kifaa kinachokata kwa kasi, ukikipunguzia mafuta umechomeka mpira wa zimamoto kwenye mfereji wa nyumbani Kisauni. Mwingine anasema, basi nitanunua mashine kubwa, yaishe. Hayaishi! Nyundo ya kuvunjia mawe ya lita 70 ukiipa 130 utaiua upesi zaidi. Na kwa mtaro mfupi kwenye tumbawe, nyundo hiyo hiyo, ikilingana na mashine yako, ingetosha. Lakini nyundo haipigiwi makofi.

Skidi loda hii, wazee, ndugu wawili wa ukoo wa Keller waliianzisha Minnesota, Marekani, mwaka 1957, ili kuzoa mavi ndani ya banda la bata mzinga. Mavi! Ukitaka ikuvunjie mawe ya Shanzu, walau soma kitabu chake.

Saa inanisuta, kwa hiyo uzito nitaupitia mbio. Mzigo unaoruhusiwa kwa mashine ya matairi ni nusu ya ule unaoipindua kifudifudi, na ya minyororo ni asilimia 35. Kifaa kizito kuliko ndoo ya kiwandani kinakula humo humo. Ndoo ya nusu mita ya ujazo ikijaa mchanga uliolowa inakaribia tani moja. Ndoo ile ile ikizoa ngano ndani ya tumbo la meli Kilindini haifiki kilo 400. Wa ngano achukue ndoo pana, wa mchanga ajizuie. Uma wa kubebea mizigo nao, mzigo ukikaa kwenye ncha uwezo unashuka. Usukumeni mpaka nyuma.

Ufagio, chumvi ya bahari kwenye koplingi, kukodi au kununua, nilikuwa nimeviandika vyote na havitafikiwa. Mliokuja na vitabu vya mashine njooni hapa mezani tuutafute ukurasa wa lita kwa dakika. Mwenye picha ya kifaa kwenye simu anionyeshe bamba. Rangi yake siitaki.